Mtabiri Hawezi Kungoja Tasnifu

Mchana, ardhi inayozunguka Ziwa Victoria hupata joto haraka kuliko maji. Upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu mazito hujijenga juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka: ardhi inapoa, maji yanabaki na joto lake, na pepo za kutoka pande zote hukutana juu ya ziwa, zisiwe na pa kwenda ila juu. Ngurumo na pepo kali za usiku wa manane hadi alfajiri chanzo chake ni hicho. Saa hizo hizo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao, tena huchagua usiku wa giza, maana mbalamwezi ikiwaka taa haivuti kitu.

Wanazuoni wameujua mzunguko huu kwa miaka mingi. Kuugeuza kuwa tangazo linalofika mwaloni kabla mitumbwi haijasukumwa majini ni kazi nyingine kabisa.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kompyuta. Modeli za kompyuta zinazotabiri hali ya hewa ya dunia nzima huikata anga katika miraba. Mraba ukiwa na upana wa kilomita 25, wingu la ngurumo lenye upana wa kilomita chache hupotea ndani yake, na modeli hulazimika kulikadiria kwa kanuni ambazo, katika nchi za tropiki, huwa na tabia ya kuleta mvua mapema mno, adhuhuri badala ya jioni au usiku. Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, ilianza kuendesha modeli ya Afrika Mashariki yenye miraba ya kilomita 4 hivi, ambamo wingu hujijenga lenyewe. Watafiti walipoipima juu ya ziwa, ilizikamata dhoruba vizuri kuliko ile ya dunia nzima. Hata hivyo, modeli ya aina hii inaweza kuiweka dhoruba Ukerewe kumbe inapiga Musoma, kwa hiyo mtabiri huisoma kama uwezekano wa eneo zima, kisha huiangalia rada ya Mwanza kadiri usiku unavyokwenda.

Kikwazo cha pili ni cha watu, na kwangu ndicho kikubwa. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha. Mtabiri hupimwa kwa usiku wa jana. Mradi wa African SWIFT, ulioanza 2017 ukiongozwa kutoka Leeds, Uingereza, ulijaribu kuwakalisha meza moja. Ulizikutanisha idara za hali ya hewa za Kenya, Ghana, Nigeria na Senegal na vyuo vikuu vya nchi hizo, na mwaka 2019 watabiri na watafiti walikaa pamoja Nairobi wakitabiri hali ya hewa ya siku yenyewe. Katika mazingira hayo kasoro hujitokeza haraka. Picha nzuri ya setilaiti inayochelewa saa mbili haina thamani kwa aliye zamu.

Mfano ulio wazi zaidi ni utabiri wa wiki mbili hadi nne mbele. Kanzidata ya kimataifa ya tabiri hizo ilikuwa ikiwapa watafiti data baada ya siku 21. Kwa tasnifu, hakuna tatizo. Kwa mkulima au msimamizi wa bwawa la umeme, ni kuletewa mwaliko wa harusi iliyokwisha. SWIFT ilikuwa miongoni mwa miradi michache iliyoruhusiwa kuzipata data hizo papo hapo.

Lakini miradi huisha. Programu ya kompyuta aliyoiandika mwanafunzi wa uzamivu hubaki bila mwenyewe, na siku seva ikibadilishwa inagoma. Hapa Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha hali ya hewa, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ina chuo chake Kigoma. Wataalamu wa kuanzia wapo. Ningeanza na ajira moja tu ya kudumu: mtu anayelipwa na Mamlaka, mwenye meza chuoni, ambaye kazi yake ni kuzihudumia programu kama hiyo na kupeleka kwa wanafunzi tabiri zilizokosea, ziwe mada za tasnifu zao.