Ituri: Nyumba ya Mumbuti ni ndogo, lakini pori ndiyo depo yake

Ukipita barabara ya Mambasa kuelekea Epulu, unaweza kuona vibanda vidogo vya majani na kusema: hawa watu ni maskini, hawana nyumba. Je, ni kweli?

Ndani ya pori, kujenga ni kazi ya wamama. Mama anakata miti nyembamba, anaisimika kwa duara, anaikunja juu na kuisuka pamoja. Kisha anapachika majani ya mangongo, yale makubwa ya kufungia chakula, akianzia chini kwenda juu, ili mvula iteremke kama kwenye mabati. Masaa machache, imeisha. Moto wa ndani unakausha majani na kufukuza mbu. Hakuna misumari, hakuna fakture ya umeme.

Lakini siri haiko kwenye kibanda. Nyumba inaweza kuwa ndogo juu pori liko kubwa: nyama, asali, dawa, kamba na maji, vyote viko inje. Chakula kikipunguka, kambi inahama, kibanda kinaachwa kioze.

Pori likikatwa, hesabu inageuka. Mangongo yanakuwa mbali, nyama inapotea, plastiki inafunika kibanda. Hapo sasa ndipo kinakuwa umaskini wa kweli.

Ndiyo maana sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, inayolinda haki za Wapigme, wenyeji wa asili, inagusa pia ardhi yao. Kabla ya kumwambia Mumbuti ajenge ya mabati, tumuulize kwanza: pori lako liko wapi?