Wanaotetea Kukaa Uchi Hadharani Wanasemaje?

Ndugu zetu waishio Ujerumani hukutana na fukwe na sauna ambako wanaume na wanawake hukaa uchi pamoja. Tukisema jambo hili huchochea matamanio, watetezi hujibu kwamba uchi si zinaa, na kwamba mwaka 1974 shirikisho lao la kimataifa liliueleza kuwa njia ya kujiheshimu na kuheshimu wengine.

Hoja ya nia njema si ngeni. Baadhi ya Waarabu wa Jahiliyya walitufu Al-Kaaba uchi, wakidai hawawezi kutufu kwa nguo walizomuasi Mwenyezi Mungu nazo! Mwaka wa 9 Hijria likatangazwa katazo. Kusitiri uchi ni amri, matamanio yawepo yasiwepo.

Aliyealikwa sauna na wafanyakazi wenzake aombe udhuru. Hata akijifunga taulo, ataona uchi wa wengine.