Fahamu: Protini zinazosaidia kupima kinundu cha shingo kabla ya kisu

Vinundu vingi vya tezi ya thairoidi si saratani, kwa hiyo si kila mgonjwa wa Masisi au Walikale, huko Kivu, mashariki mwa Kongo, mwenye kinundu anahitaji upasuaji. Daktari huvuta seli kwa sindano nyembamba na kuzitazama kwa hadubini. Jibu likiwa na utata, protini husaidia: galektini-3 huonekana zaidi kwenye seli za saratani, na kalsitonini ikipanda sana kwenye damu huashiria saratani ya medula ya thairoidi, ambayo ni nadra.

Protini nyingine, thairoglobulini, ndiyo inayopotosha. Hupanda hata kwa rovu la kawaida, na Kivu inalijua rovu: miaka ya 1960 mtafiti François Delange na wenzake walilichunguza kisiwani Idjwi, wakalihusisha na upungufu wa iodini na ulaji wa muhogo. Kipimo cha thairoglobulini hufaa zaidi baada ya upasuaji wa saratani, kufuatilia kama imerudi.