Chumvi, Magadi na Chokaa: Maji ya Matumbawe katika Tangi la Kioo

Matumbawe hudhaniwa na wengi kuwa mawe tu. Kwa hakika ni viumbe hai, na jiwe lao ni kazi yao wenyewe: hulijenga kwa kutwaa kalsiamu na bikaboneti zilizoyeyuka katika maji ya bahari. Baharini vitu hivyo ni tele. Katika tangi la kioo ni vichache, navyo hupungua kila siku. Makala haya yakusudia kueleza jinsi maji hayo yatunzwavyo, na kuyapambanua maneno yahusuyo kazi hiyo, kwani hapa kosa la neno laweza kuua.

Yako mambo matatu ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza ni kiasi cha chumvi. Kilo moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Maji ya tangi yakigeuka mvuke, chumvi hubaki. Kwa hiyo kilichopungua hujazwa kwa maji matamu, wala si kwa maji ya bahari.

La pili ni pH, kipimo kionyeshacho kama maji yameelekea upande wa asidi au wa alkali. Baharini ni karibu 8.1. Katika tangi hupanda mchana, kwa kuwa vijimea viishivyo ndani ya matumbawe hutumia hewa ukaa kwa msaada wa nuru, usiku hushuka.

La tatu ni nguvu ya maji ya kuzima asidi. Wataalamu huiita alkaliniti. Napendekeza tuiite akiba ya magadi, kwa kuwa magadi ni jina tulilo nalo tangu zamani, na kwa kuwa nguvu hiyo hutumika na kupungua kama akiba yoyote. Baharini ni miliekwivalenti 2.3 hivi katika lita, na kalsiamu ni miligramu 410 hivi. Matumbawe yakitwaa miligramu 20 za kalsiamu katika kila lita, akiba ya magadi hupungua kwa miliekwivalenti 1. Kwa hesabu hiyo akiba ingekwisha yote kabla kalsiamu haijapungua hata kwa sehemu moja ya nane. Basi yafaa akiba ipimwe kwanza, tena mara nyingi.

Tutazame sasa hatari ya kuchanganya. pH ya tangi yaweza kushuka kwa sababu nyumba imefungwa na hewa ukaa imejaa chumbani. Asiyepambanua hutia magadi. pH husogea kidogo tu, akiba hupanda kupita kiasi, chokaa huganda kwenye pampu, na nyama ya matumbawe hubambuka. Dawa ilikuwa kufungua dirisha. Hata upungufu wa kweli haufai kusahihishwa kwa siku moja, maana matumbawe huvumilia kiwango kilichopungua kidogo kuliko mageuzi ya ghafula.

Miongoni mwa njia za kurudisha kilichotumika ni maji ya chokaa, ambayo Peter Wilkens aliyaeneza huko Ulaya katika miaka ya 1970. Chokaa iliyozimwa, iliyo safi, si ile ya kujengea, huyeyushwa katika maji matamu. Maji hayo huleta kalsiamu na akiba ya magadi kwa uwiano uleule ambao matumbawe huvitwaa. Lakini ni makali, pH yake yapita 12. Kwa hiyo hudondoshwa tone kwa tone, hasa usiku.

Watu wa pwani yetu wamechoma matumbawe tanuuni tangu kale: hewa ukaa hutoka, chokaa hubaki. Katika tangi mwendo huo hurudi nyuma: chokaa hupokea tena hewa ukaa, na matumbawe huifanya jiwe. Mambo yenyewe, basi, si mageni kwetu. Lililobaki ni kukubaliana juu ya majina yake, ili mpimaji ajue anachokipima.