Rembe, Nabii wa Maji ya Yakan

Katika historia ya Waebrania, manabii walisikika sana wakati taifa lilipokuwa katika dhiki. Ndivyo ilivyokuwa pia katika nchi ya Arua na Koboko, ambako alitokea Rembe, nabii wa kabila la Wakakwa.

Dhiki ya siku zile ilikuwa kubwa. Mwishoni mwa karne ya 19 maradhi yaliua watu na sotoka ikafyeka ng'ombe. Wabelgiji nao wakaja kutawala. Mfalme wao Leopold alipofariki mwaka 1909, nchi ilitiwa chini ya Sudan mwaka 1910, kisha chini ya Uganda mwaka 1914. Mwaka huo Mwingereza A. E. Weatherhead akajenga boma Arua, na kodi ikafuata.

Rembe aliwapa Walugbara maji ya kunywa, yaitwayo Yakan. Waliambiwa kwamba anywaye hatadhurika kwa risasi, kwa kuwa bunduki za serikali zitatoa maji matupu; na kwamba wazee waliokufa watafufuka na ng'ombe watarudi. Wafuasi wakafanya gwaride kwa bunduki za bandia. Ahadi kama hiyo ilikuwa imekwisha kusikika kusini mwa Tanganyika, katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907.

Serikali ilimkamata Rembe, naye akanyongwa Yei, Sudan, mwaka 1917. Hata hivyo Yakan haikufa pamoja naye. Mwaka 1919 polisi walipambana na wafuasi wake, na damu ikamwagika pande zote mbili.

Nabii Yeremia hakuwapa askari wa Yerusalemu maji wala hirizi. Wababeli walipouzingira mji, alisema wazi kwamba utaanguka, na kwamba atakayejisalimisha ataishi. Wakuu walimtumbukiza katika shimo la matope, wakidai anawavunja moyo askari. Aliyemwopoa kwa kamba na matambara ni Ebedmeleki, Mkushi, mtu wa asili ya nchi za Mto Naili. Mji ulianguka kama alivyonena.

Neno la Rembe lilikuwa tamu, nalo liliwaponza walioliamini. Neno la Yeremia lilikuwa chungu, nalo lingaliokoa mji. Lakini wenye mamlaka wa Arua na wa Yerusalemu walifanana katika jambo moja: walimshughulikia msemaji, wakaiacha dhiki pale pale ilipokuwa.