Munganga wa masikio aliyeingia teatre

Ndugu musomaji, kama mutoto wako ni munganga, naye anakuja kukuambia: «Baba, ninaacha hospitali, ninaenda kucheza teatre», utamujibu nini? Wengi wetu tutasema ameingiwa na wazimu.

Lakini ile ilitokea kule India. Shreeram Lagoo alizaliwa mwaka 1927 katika muji wa Satara, kwa watu wasemao kimarathi. Alisoma uganga Pune, akakuwa mupasuzi wa masikio, pua na koo. Akaongeza masomo Kanada na Uingereza. Tena alifika karibu na sisi: katika miaka ya 1960 alitumika Tabora, Tanzania, ngambo ya Ziwa Tanganyika.

Tangu masomoni alipenda kucheza teatre. Mwaka 1969, akiwa amepita miaka 40, akakata shauri. Akaacha kazi yenye mushahara na heshima, akaingia teatre moja kwa moja.

Mwaka 1970 akapewa muchezo «Natsamrat», maana yake Mufalme wa wachezaji, ulioandikwa na V. V. Shirwadkar. Humo Lagoo alikuwa Appa Belwalkar, muchezaji muzee aliyemaliza kazi. Muzee huyu anagawia watoto mali yake yote. Anafikiri: watoto watatulinda. Kwanza wanamupokea vizuri. Kisha anakuwa muzigo. Kwa binti yake anasingiziwa wizi wa pesa. Muke wake anakufa, naye anabaki barabarani. Anayemuhurumia ni kijana mumoja mwenye kupangusa viatu.

Lagoo alicheza filme nyingi pia, sawa «Pinjra» ya 1972. Katika «Gandhi» ya 1982 alikuwa Gokhale. Alikufa Pune tarehe 17 Desemba 2019, na miaka 92. Lakini kwao, wakitaja jina lake, wengi wanakumbuka kwanza yule muzee.

Wazazi, kuwapa watoto ni vizuri. Lakini siku baba anapomaliza kazi ya mugodi, nyumba ya kulala ibaki kwanza mukononi mwake na mwa mama.

Na wewe kijana, Lagoo alitibu masikio ya wagonjwa miaka mingi. Kwenye teatre alitafuta kufungua yale yasiyosikia wazazi. Magaribi ya leo, ikaa karibu na baba yako, umuache amalize habari yake, hata kama umeisikia mara kumi.