FAHAMU: UMBALI WA ANGA KATI YA NACHINGWEA NA RUANGWA SI UMBALI WA SAFARI YAKO

Na Mwandishi Wetu, Lindi

Mwananchi anayetafuta mtandaoni umbali kati ya Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi huweza kupata jibu kwamba safari ya ndege kati ya miji hiyo huchukua dakika tatu. Jibu hilo ni hesabu tu, wala halimaanishi kuwa ipo ndege inayosafirisha abiria kati ya miji hiyo.

Umbali wa anga ni urefu wa mstari mfupi kuliko yote unaounganisha sehemu mbili juu ya uso wa dunia. Ruangwa ipo kaskazini mashariki mwa Nachingwea, na latitudo zao hutofautiana kwa takriban digrii 0.3. Kwa kuwa digrii moja ya latitudo ni sawa na kilomita 111 hivi, tofauti hiyo, ikijumlishwa kihesabu na ile ya longitudo, hutoa umbali wa anga usiozidi kilomita 40.

Dakika tatu hupatikana kwa kugawanya umbali huo kwa mwendo wa ndege kubwa ya jeti, takriban kilomita 800 kwa saa. Kwa umbali mfupi kiasi hicho, ndege ya aina hiyo haiwezi hata kufikia mwendo huo. Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa ingehitaji takriban dakika nane, bila kuhesabu muda wa kuruka, kupanda, kushuka na kutua.

Nachingwea, mji uliokua kutokana na mradi wa karanga wa miaka ya 1940, una kiwanja cha ndege. Hata hivyo, hakuna safari za ndege za ratiba kati yake na Ruangwa. Msafiri wa kutoka Dar es Salaam anayetaka kutumia ndege hutua Mtwara, safari ya takriban saa moja, kisha huendelea kwa barabara.

Kwa barabara, Nachingwea na Ruangwa zimetengana kwa takriban kilomita 50. Gari linalokwenda wastani wa kilomita 50 kwa saa hutumia saa moja. Wastani ukishuka hadi kilomita 30, hasa wakati wa mvua, safari hufikia saa moja na dakika arobaini. Tofauti hiyo ni kubwa kwa familia inayompeleka mgonjwa hospitalini au kwa mkulima anayewahi mnada.

Aidha, ukomo wa nauli za mabasi unaopangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) huzingatia kilomita za barabara, si za anga. Abiria anayetaka kuhakiki nauli yake hana budi kutumia umbali wa barabara, na kudai tiketi kila anaposafiri.

Wananchi wanashauriwa kupanga safari kwa kuzingatia hali ya barabara na ratiba halisi za vyombo vya usafiri.